UINGEREZA IPUNGUZE WAHAMIAJI? Somo nililolipata mdahaloni

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mhariri aliponiomba makala ya mafunzo kwa jarida letu la mwaka, nilidhani ningeandika juu ya ngeli au methali kama walivyofanya walionitangulia. Mwalimu mlezi akanikatiza. "Andika juu ya ule mdahalo wako," akasema. "Wenzako wengi wanadhani mdahalo ni kupiga kelele." Basi nimekaa kitako na kalamu yangu, na haya ndiyo niliyo nayo.

Katika muhula wa pili wa mwaka wa 2025 chama chetu kiliandaa mdahalo juu ya hoja hii: "Nchi ya Uingereza ipunguze idadi ya wahamiaji wanaoingia nchini humo." Ilikuwa Ijumaa, tarehe 25 Julai, baada ya masomo. Sisi ni shule ya kutwa, na kwa kawaida ikifika saa kumi na nusu watu huanza kuchungulia lango wakifikiria matatu. Siku hiyo hakuna aliyebanduka. Ukumbi ulijaa pomoni.

Tulipookota vikaratasi ili kugawana pande, mimi niliangukia upande wa kuunga mkono hoja. Moyo ukanipiga paa! Nyumbani, dada yangu mkubwa alikuwa amemaliza kozi ya kuwatunza wazee na wagonjwa, akingojea safari ya Uingereza. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili na kukopa katika chama ili amlipe ajenti aliyeahidi kumtafutia mwajiri. Halafu tarehe 22 Julai, siku tatu tu kabla ya mdahalo wetu, serikali ya Uingereza ikafunga njia ya viza kwa watunzaji wapya kutoka nchi za nje. Yaani nilitakiwa kusimama mbele ya watu niseme kwamba mlango uliofungwa usoni pa dada yangu ulifungwa vyema.

Nilisimama, nikasema. Tukashinda kwa kura 74 dhidi ya 59. Wenzangu walinibeba juujuu hadi langoni. Yaliyonipata nilipofika nyumbani nitayaeleza mwishoni. Kwanza tusome pamoja, maana nimegundua kwamba siku ile nilishinda kwa ulimi tu, na kichwa kilikuwa nyuma.

1. TUELEWANE MANENO KWANZA

Kosa la kwanza katika midahalo yetu ni kukimbilia hoja kabla ya kueleza maneno. Mzungumzaji mmoja alisema "wahamiaji" akimaanisha watu wanaovuka bahari kwa mashua ndogo kutoka Ufaransa. Mwingine alisema "wahamiaji" akimaanisha wauguzi. Wakabishana robo saa nzima, kumbe kila mmoja anazungumza juu ya watu wake!

Tuyatenganishe. Yuko anayeenda kufanya kazi kwa kibali. Yuko anayeenda kusoma na kulipa karo. Yuko mke, mume au mtoto anayemfuata mwenzake. Yuko mwomba hifadhi, yaani mtu anayekimbia hatari na kuomba nchi nyingine imlinde. Akikubaliwa huitwa mkimbizi. Hawa wote wakiwekwa katika gunia moja, hesabu huwa kubwa na hoja huwa chafu.

Tuchukue mfano. Katika mwaka wa 2022, watu karibu 46,000 waliingia Uingereza kwa mashua ndogo. Hao ndio waliojaa katika picha za magazeti. Lakini jumla ya watu wote walioingia mwaka huo, kwa njia zote, ilipita milioni moja. Wengi wao walikuwa na viza mkononi: wanafunzi, wafanyakazi na jamaa zao, pamoja na watu kutoka Ukraine na Hong Kong waliofunguliwa njia maalumu. Kwa hiyo mtu akikuambia "tupunguze," muulize mara moja: "Uwapunguze akina nani?"

Neno lingine ni ongezeko halisi. Hili ni hesabu ya kutoa ya darasa la pili. Kama watu 10 wameingia darasani na 6 wametoka, ongezeko halisi ni 4. Uingereza hupima uhamiaji wake kwa njia hiyo: walioingia kukaa, toa waliohama. Takwimu zao hurekebishwa mara kwa mara, lakini sura yake ni hii: katika kipindi cha kilele, kati ya 2022 na 2023, ongezeko la mwaka mmoja lilipita watu 900,000. Katika mwaka ulioishia Juni 2025 lilikuwa limeshuka hadi watu 204,000 hivi. Nchi yenyewe ina watu takriban milioni 69.

2. HISTORIA FUPI: MLANGO ULIOFUNGULIWA NA KUFUNGWA

Huwezi kujadili mlango bila kuuliza ulifunguliwa lini na nani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilihitaji mikono ya kuijenga upya. Sheria ya Uraia ya 1948 iliwapa watu wa makoloni haki ya kuingia na kukaa. Mwezi Juni mwaka huohuo meli iliyoitwa Empire Windrush ilitia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya watu kutoka visiwa vya Karibi. Wakawa makondakta wa mabasi, wafanyakazi wa reli, wauguzi.

Mwaka wa 1962 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kwanza ya kuwawekea mipaka watu wa Jumuiya ya Madola. Hata hivyo, wenye pasipoti zilizotolewa na serikali ya London yenyewe hawakuguswa. Hapo ndipo Kenya inapoingia katika hadithi, na hapa naomba msomaji utege sikio.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, watu wengi wenye asili ya Bara Hindi walioishi hapa walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya. Baadhi yao waliomba. Wengine wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka wa 1967 serikali yetu ikapitisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Leseni za Biashara. Asiye raia sasa alihitaji kibali cha kazi, na kuna biashara na maeneo ambayo hakuruhusiwa. Duka la babu likawa halina leseni. Watu wakaanza kufungasha na kupanda ndege kwenda London, nchi ya pasipoti yao.

Uingereza ikashtuka. Mwezi Februari 1968 serikali ya Waziri Mkuu Harold Wilson ikapeleka mswada Bungeni, ukapitishwa kwa muda wa siku tatu hivi, ukawa sheria tarehe 1 Machi. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa James Callaghan. Sheria hiyo ilisema kwamba pasipoti peke yake haitoshi: lazima wewe mwenyewe, au mzazi, au babu au nyanya yako, awe amezaliwa au amepata uraia katika kisiwa chenyewe. Wakawekewa nafasi 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Wenye pasipoti ya nchi wakawa hawawezi kuingia katika nchi iliyowapa pasipoti hiyo. Mwaka wa 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa maoni kwamba ubaguzi huo wa rangi uliwadhalilisha watu hao.

Majuma machache baada ya sheria hiyo, tarehe 20 Aprili 1968, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba kali mjini Birmingham dhidi ya wahamiaji. Kiongozi wa chama chake, Edward Heath, alimwondoa katika baraza lake. Lakini maneno yakishatoka hayarudi. Tangu hapo, kila mtu Uingereza anayetaka kusema "tupunguze" lazima aeleze kwamba yeye hasemi kama Powell, na kila anayepinga hukimbilia kumwita mwenzake Powell. Wanachama, msiige tabia hiyo. Jibu hoja, acha kumpaka mtu matope.

3. HOJA ZA WANAOTAKA IPUNGUZWE

Hizi ndizo nilizozitumia siku ile. Nazitoa kwa nguvu zake zote, kwa sababu mdahalo ambao upande mmoja umedhoofishwa makusudi ni mchezo wa watoto.

Kwanza, nchi ni nyumba. Mwenye nyumba ana haki ya kujua nani analala ndani na kwa siku ngapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba hata ukarimu una utaratibu.

Pili, nyumba na huduma. Watu 900,000 wakiongezeka kwa mwaka mmoja, wanahitaji pa kulala, daktari na madawati ya watoto. Nyumba hujengwa polepole kuliko ndege inavyotua. Kodi ya nyumba inapopanda, anayeumia kwanza ni maskini wa hapohapo, na wakati mwingine ni mhamiaji aliyefika mwaka juzi.

Tatu, mishahara. Kazi ya kuwatunza wazee Uingereza hulipa kidogo. Wapunguzaji husema: mwajiri akijua kwamba anaweza kumleta mtu kutoka ng'ambo atakayekubali mshahara huohuo mdogo, kwa nini auongeze? Mlango ukifungwa atalazimika kuwalipa vizuri wenyeji.

Nne, ahadi kwa wapiga kura. Mwaka wa 2010 chama cha Conservative kiliahidi kushusha ongezeko hadi chini ya watu 100,000 kwa mwaka. Miaka ikapita bila ahadi hiyo kutimizwa. Mwaka wa 2016 asilimia 51.9 ya wapiga kura waliamua nchi itoke katika Umoja wa Ulaya, na wengi walitaja uhamiaji miongoni mwa sababu zao. Ongezeko likazidi kupanda. Ukiwaahidi watu jambo miaka kumi na zaidi na kufanya kinyume, utawalaumuje wakikasirika?

Tano, na hii ndiyo iliyoniletea makofi: nchi maskini hupoteza. Mwaka wa 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwapeleka wauguzi wetu kule. Nikauliza ukumbi, "Ni nani kati yenu hajawahi kungoja foleni hospitalini kuanzia alfajiri? Na sisi tunawapeleka wauguzi London!" Ukumbi ukalipuka.

4. HOJA ZA WANAOPINGA

Wapinzani wetu hawakuwa mbumbumbu. Haya ndiyo yao.

Kwanza, kazi zipo na watu hawapo. Mnamo 2021 na 2022 nafasi zaidi ya 150,000 za kuwahudumia wazee na walemavu zilikuwa wazi nchini England peke yake. Ndiyo sababu mwezi Februari 2022 serikali yenyewe ilifungua njia ya viza kwa watunzaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Methali hii ni kinyume cha ile yangu ya jembe, na hapo niliumwa kidogo.

Pili, wahamiaji hulipa kodi. Mwaka wa 2018 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu uhamiaji iliwachunguza waliotoka nchi za Ulaya. Ikaona kwamba kwa jumla walilipa kodi kuliko walichopokea, na kwamba athari yao kwa mishahara ya wenyeji ilikuwa ndogo, ingawa wenye kipato cha chini waliweza kuguswa kidogo zaidi. Angalia jinsi jibu hili lisivyompa yeyote ushindi mkavu.

Tatu, vyuo vikuu vyao hutegemea karo ya wanafunzi wa kigeni, ambayo ni kubwa kuliko ya wenyeji. Ukipunguza wanafunzi, mwenyeji atalipa pengo hilo kwa njia nyingine.

Nne, historia. Mpinzani mmoja alisimama akamtaja Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024. Baba yake alizaliwa Kenya, mama yake alizaliwa Tanganyika, wakahamia Uingereza miaka ya 1960. "Kama mlango ungefungwa mapema," akasema, "wangempata wapi Waziri Mkuu huyo?" Makofi yakarindima.

Nikasimama kumjibu. Sunak huyohuyo, nikasema, aliahidi kuzizuia mashua na akautetea mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Mpango huo ulitangazwa 2022, Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema Novemba 2023 kwamba haukuwa halali, na serikali iliyofuata ikaufuta Julai 2024. Nikamaliza hivi: "Hata mtoto wa wahamiaji aliona mlango una haja ya kitasa!" Makofi yakarudi kwangu.

Sasa msomaji, chunguza. Mtu mmoja ametumiwa na pande zote mbili, na hakuna upande uliothibitisha kitu. Maisha ya Sunak hayatuambii ongezeko linafaa kuwa ngapi. Yalitupa makofi tu. Hilo ni funzo: mfano mtamu si ushahidi.

5. SWALI KUTOKA UKUMBINI

Mwenyekiti alipofungua nafasi ya maswali, msichana wa kidato cha pili aliinua mkono. Ni mpole, sijawahi kumsikia akizungumza chamani. Akauliza, "Nyinyi mnaojadili Uingereza, je, Kenya? Mwaka wa 2016 serikali yetu ilitangaza kuifunga kambi ya Dadaab. Watu walioikalia tangu 1991 waambiwe waende. Mahakama Kuu ikazuia jambo hilo Februari 2017. Mngekuwa upande gani?"

Kimya. Wale waliokuwa wakipiga makofi kwa ajili ya kuufungua mlango wa London, baadhi yao hupenda kusema kwamba wageni wamejaa Kenya na wanatuharibia biashara. Na mimi niliyetetea kufungwa kwa London sikutaka kuonekana mtu mbaya kuhusu Dadaab. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu!

Nilijibu kijanja. Nikasema hoja ni Uingereza, si Kenya, na mwenyekiti akaniunga mkono. Kanuni ilinilinda. Lakini mwalimu mlezi alinitazama tu, na mimi nikajua kwamba nimekimbia swali. Ningekuwa na elimu niliyo nayo sasa ningemjibu hivi: wa Dadaab ni wakimbizi, na Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa wakimbizi mwaka wa 1966, kwa hiyo tulikuwa tumeshatoa neno letu. Kupunguza viza za kazi ni jambo moja. Kumrudisha mtu penye hatari baada ya kuahidi kumlinda ni jambo lingine. Na ningeongeza kwamba sheria zetu za 1967 ziliwafungia watu waliozaliwa hapahapa Nairobi na Kisumu. Walifungiwa huku, kisha wakafungiwa kule.

6. YALIYONIPATA NYUMBANI

Sasa nitimize ahadi. Nilifika nyumbani jioni. Dada alikuwa akimlisha nyanya uji kwa kijiko. Nyanya alipatwa na kiharusi, upande wake wa kulia haufanyi kazi, na dada ndiye anayemgeuza, kumwosha na kumlisha. Kwa kweli huko ndiko alikoipata hiyo hamu ya kozi.

"Mlishinda?" akaniuliza bila kugeuka.

"Tulishinda."

"Ulikuwa upande upi?"

Nikanyamaza. Akacheka kidogo. "Hebu nipe hotuba yote. Usiruke neno."

Nikampa. Nyumba, mishahara, ahadi za 2010, wauguzi wetu. Sikuruka. Alisikiliza mpaka mwisho, akamfuta nyanya mdomo, kisha akasema, "Umesema vizuri. Nyumba ni yao, wana haki ya kufunga. Mimi sitagombana na hilo. Lakini sikiliza. Mimi sikuvunja mlango. Wao ndio walioita. Walisema njooni, wazee wetu hawana wa kuwatunza. Watu wakauza mashamba, wakasoma kozi, wakalipa. Wengine walifika, halafu Machi 2024 watunzaji waliofuata wakaambiwa wasilete mume wala mtoto. Sasa hata sisi tuliobaki tumeambiwa basi. Haya, wale wazee wamepona? Ni nani anayewalisha leo jioni?"

Sikuwa na jibu. Kura 74 zote ziliniishia mkononi.

Baba alikuwa ameketi mlangoni. Hakuniuliza chochote kuhusu mdahalo. Alisema tu, "Ng'ombe wale hawakuwa wa mdahalo." Nikaenda kulala bila chakula.

7. JAMBO NILILOJIFUNZA

Nimerudia vitabu na magazeti tangu siku hiyo, na msimamo wangu haujageuka wote. Bado naamini kwamba nchi ina haki ya kuhesabu wanaoingia na kuweka kiwango. Anayekataa haki hiyo kwa Uingereza aikatae kwa Kenya pia. Bado naamini kwamba kuleta watu wengi kwa ghafla bila nyumba ni kuwaonea wote, wageni na wenyeji.

Lakini nilikosea kuligeuza suala zima kuwa idadi. Kabla ya kuuliza "wangapi?" kuna maswali mawili. La kwanza: umewaita ufanye nao nini, na ukiwafungia, kazi ile itafanywa na nani? Anayetaka kupunguza watunzaji lazima aseme atawalipa wenyeji kiasi gani ili waifanye, na atapata wapi fedha hizo. Asiposema, amewapunguzia wazee chakula. La pili: uliahidi nini? Mtu ambaye hukumwahidi kitu unaweza kumwambia "samahani, nafasi zimejaa," na hajadhulumiwa. Mtu uliyempa pasipoti, au uliyemwita, au uliyeapa kumlinda, huyo ana neno lako mkononi.

Tazama jinsi kipimo hiki kinavyofanya kazi. Sheria ya 1968 ilikuwa mbaya hata kama idadi ya waliokuja ilikuwa kubwa, kwa kuwa waliofungiwa walikuwa na pasipoti ya nchi ile. Mwaka wa 2018 ilifichuka kwamba watu waliofika Uingereza wakiwa watoto, wa kizazi kilekile cha Windrush, walikuwa wamenyimwa kazi, matibabu, na hata kufukuzwa nchini kwa kukosa karatasi ambazo hawakuwahi kuambiwa wazitunze. Waziri wa Mambo ya Ndani, Amber Rudd, alijiuzulu. Hilo nalo lilikuwa kuvunja ahadi. Na kwa upande mwingine, mwaka wa 2021 Uingereza hiyohiyo iliwafungulia njia watu wa Hong Kong waliokuwa na pasipoti za enzi ya ukoloni. Kumbe inawezekana! Nchi ile ile, pasipoti za aina moja ya asili, majibu mawili tofauti.

Kuhusu dada yangu nitakuwa mkweli. Yeye hakuwa na pasipoti yao wala kandarasi iliyotiwa sahihi. Alikuwa bado njiani. Kwa hiyo sidai kwamba Uingereza ilimwibia. Aliyemwahidi waziwazi ni ajenti, naye mpaka sasa amerudisha nusu ya fedha. Kwa nusu iliyobaki, simu hashiki. Lakini nchi inayoita kwa sauti kubwa mwezi wa Februari 2022 na kufunga kabisa kabla ya miaka minne kwisha ijue kwamba sauti yake husikika mbali, hadi kwenye zizi la ng'ombe wawili. Kiwango kikitangazwa mapema, kwa miaka kadhaa, na kikafuatwa, hata aliyekataliwa atapanga maisha yake.

Na sisi Wakenya tusijifiche nyuma ya Uingereza. Kama wazee wetu wana viharusi na wasichana wetu wana vyeti vya kuwatunza, kwa nini pesa ya kuwakutanisha lazima itoke London? Dada sasa huwatunza wagonjwa wawili mtaani, nyumba hadi nyumba, mbali na nyanya. Malipo ni madogo. Lakini anaitwa, anaenda, na akiambiwa njoo Jumatatu, Jumatatu anakuta mlango wazi.

8. VIDOKEZO KWA WANAMDAHALO

Kwanza, eleza maneno ya hoja kabla ya kuyatetea. Pili, ukitaja takwimu, sema ni ya mwaka gani na ni hesabu ya nini. Tatu, jifunze hoja za upande wa pili hadi uweze kuzisema vizuri kuliko wenyewe. Nne, usikimbie swali kwa kujificha chini ya kanuni. Kura utapata, heshima hutapata. Tano, kabla ya kusimama, jiulize kama ungeweza kuyarudia maneno hayo mbele ya mtu anayeumizwa nayo. Kama huwezi, ama hoja ina kasoro, ama hujaielewa.

ZOEZI

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya mhamiaji wa kazi, mwomba hifadhi na mkimbizi.

2. Nchi moja imepokea watu 500,000 na watu 350,000 wamehama. Ongezeko halisi ni ngapi? Je, jibu lako linatuambia ni watu wa aina gani walioingia?

3. Linganisha sheria ya Uingereza ya 1968 na sheria za Kenya za 1967. Ni ipi unayoiona nzito zaidi kwa familia moja iliyoishi Nairobi? Toa sababu.

4. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" na "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Je, methali hizi zinapingana au zinakamilishana? Jadili.

5. Andika hotuba ya dakika tatu ya kupinga msimamo wangu katika sehemu ya saba. Ilete chamani. Safari hii sitajificha nyuma ya mwenyekiti.

Kalamu naiweka hapa. Kwaherini, na tukutane mdahaloni.